Nikipanda Miche Mitatu Nyuma ya Nyumba, Gharama Si Itashuka?

Kamwene Mama Mkubwa, shikamoo.

Mimi ni kijana wa miaka 29, nafanya kazi kwenye mashine ya kupasulia mbao hapa Mafinga, zile wanazoziita dingdong. Nina mke, mtoto wa miaka miwili, na mdogo wangu wa miaka 16 anakaa kwetu kwa ajili ya shule. Ulanzi sinywi, bia sinywi. Kitu changu ni kimoja tu, jani, yaani bangi.

Nilianza kama utani. Baridi ya Mafinga unaijua, hasa Juni na Julai. Saa kumi na mbili asubuhi magogo yana umande unaoganda vidole, na wenzangu wakaniambia puli moja inatoa baridi na kutia nguvu ya kubeba. Ilikuwa msokoto mmoja wa shilingi 500, Jumamosi kwa Jumamosi. Hiyo ni miaka minne iliyopita. Siku hizi navuta minne kwa siku: mmoja kabla ya kutoka nyumbani, mmoja wakati wa chai, mmoja baada ya kula, na wa mwisho usiku kwa sababu bila huo silali. Nikishavuta njaa inanikamata, napitia soda, mandazi, hata nusu mkate. Mashine ikiwaka nalipwa 12,000 kwa siku. Mvua ikizidi au dizeli ikikosekana, sina kitu. Na kusema kweli kuna Jumatatu mbili hivi kila mwezi ambazo kuamka kunanishinda.

Mwezi uliopita nilikuwa natafuta kalamu, nikafungua daftari la kikoba la mke wangu. Mbele kuna hisa na marejesho kama kawaida. Nikageuza nyuma. Kuna tarehe na namba, mstari kwa mstari, kwa ule mwandiko wake mdogo: 2,000. 2,000. 2,500. 1,000 (mvua). 2,000. Hakuna neno la ugomvi hata moja. Chini amejumlisha miezi sita: 318,500. Hajawahi kuniambia kitu. Chumba na sebule tunapanga kwa 30,000 kwa mwezi, na Januari tulimwomba mwenye nyumba atuvumilie.

Nimewaza kuacha. Nilijaribu mwezi wa nne, nikafika siku ya tatu: jasho usiku, ndoto za ajabu, chakula hakipiti, nikamfokea mtoto mpaka nikajishangaa. Nikarudi. Sasa jamaa mmoja ananiambia miche mitatu nyuma ya nyumba, katikati ya mahindi, inamtosha mtu mwaka mzima. Pesa ya kununua inabaki ndani. Si nitakuwa nimemaliza tatizo? Mbona Kanada na Marekani linauzwa dukani kama soda, na hata Malawi hapo jirani wameruhusu? Ubaya wake si wa kutiwa chumvi tu?

Mengine ni madogo. Wiki tatu zilizopita mashine ilininyakua glavu. Mimi ndiye navuta mbao upande zinakotokea. Bahati glavu ilikuwa kubwa kuliko mkono wangu. Imerudi haina ncha za vidole viwili, vyangu vizima. Nimeificha chini ya godoro. Pia kuna siku katika kelele za mashine nasikia kama naitwa jina, nikigeuka hakuna mtu, na nahisi wenzangu wakikaa pembeni wananijadili. Mjomba wangu, kaka yake mama, alirukwa na akili akiwa kijana. Walisema alirogwa. Hospitali naogopa, nisije nikatoka na pingu.

Mvuta Mbao, Mafinga

*

Marahaba mwanangu, kamwene.

Nimefanya uuguzi miaka mingi, sehemu kubwa kwenye wodi ya wagonjwa wa akili, na barua yako nimeisoma kama nilivyozoea kuwasikiliza watu kule. Mtu alikuwa akikueleza kikohozi nusu saa, kisha akishashika kitasa cha mlango ndipo anasema lililomleta. Wewe yaliyokuleta umeyaita "mengine ni madogo". Nitaanza na hayo. Miche itasubiri.

Unasikia unaitwa na hakuna mtu. Unaona wenzako wanakujadili. Unavuta kila siku, mara nne, kwa miaka. Na kwenu upande wa mama kuna mtu aliyewahi kuugua akili. Kila moja peke yake ningekuuliza maswali kwanza. Yote manne kwa pamoja yananifanya nikuombe uende hospitali wiki hii, kabla hata ya kuamua kama unaacha au huachi.

Bangi ina kemikali inayoitwa THC. Hiyo ndiyo inayoleta stimu, na hiyohiyo ndiyo inayoweza kumsukuma mtu kwenye hali ambayo madaktari huiita saikosisi: kusikia visivyosemwa, kuamini watu wanakupangia mambo. Hatari huongezeka kwa anayevuta kila siku, anayevuta iliyo kali (siku hizi hata skanka imeingia nchini), aliyeanza mdogo, na mwenye ugonjwa huo kwenye damu ya ukoo. Wengi wanavuta na hawafiki huko. Ndiyo maana kila kijiwe kina hadithi ya mzee aliyevuta miaka 40 na bado analima. Lakini malori mengi pia hushuka Kitonga na breki mbovu yakafika Ruaha Mbuyuni salama, na hakuna dereva mwenye akili anayekwambia basi breki hazina kazi. Wewe ni lori lenye mzigo wa mjomba.

Habari za kurogwa sitabishana nazo, kila ukoo una maelezo yake. Ninachojua ni kwamba waliowahi kuletwa mapema, sauti zikiwa bado ni jina tu linaloitwa, nimewaona wakirudi kazini. Waliozungushwa kwa waganga mwaka mzima kwanza walikuja na safari ndefu zaidi.

Nenda hospitali ya mji hapo hapo Mafinga, uulize huduma ya afya ya akili. Wakiona inafaa watakuandikia rufaa kwenda hospitali ya mkoa Iringa mjini. Waambie kiasi halisi, misokoto minne. Usiwaambie "mara mojamoja". Waambie na habari ya mjomba. Kuhusu pingu: anayekupima hakukaa pale kukukamata. Katika miaka yangu yote wodini sikumpigia polisi simu kwa mtu aliyekuja kuomba tiba, na habari za mgonjwa ni siri ya mgonjwa. Usiende tu na msokoto mfukoni, jamani. Na kama sauti zitaanza kukuamuru kufanya jambo, au ukakaa siku mbili hujalala na mawazo yanakimbia, hapo usisubiri siku ya kliniki. Mkeo akupeleke saa hiyohiyo.

Haya, sasa miche.

Umeniletea hesabu ya mkeo, na ni hesabu nzuri, ila ni ya yale anayoyajua. Ngoja niimalizie. Misokoto minne ni 2,000 kwa siku, 60,000 kwa mwezi. Kodi yenu mara mbili. Kwa mwaka 720,000. Ongeza ile njaa ya baada ya kuvuta, tuseme 1,000 kwa siku ya soda na mandazi: mwaka ni 360,000. Jumatatu mbili zisizoamkika kwa mwezi, kwa 12,000 kila moja: mwaka ni 288,000. Jumla 1,368,000. Kodi ya miezi 45 hiyo, na mabaki.

Sasa ipande hiyo miche yako. Tuseme imeota, imekomaa, hakuna aliyeiona, na hununui tena hata kete moja. Umefuta zile 720,000. Njaa bado unailisha, Jumatatu bado umelala: 648,000 zimebaki palepale. Jani la bure bado linakugharimu zaidi ya laki sita. Kwa hiyo hata kwa hesabu ya yule jamaa yako, ambaye nadhani hajawahi kushika daftari, tatizo limepungua nusu, halijaisha.

Halafu halibaki nusu. Jiulize kwa nini unavuta minne na si minane. Ni kwa sababu wa tano una bei. Miaka minne iliyopita msokoto mmoja wa Jumamosi ulikutosha, leo mmoja haukugusi. Bei ya mtaani inaweza isipande hata senti na matumizi yako bado yakapanda, kwa kuwa ubongo ukimwagiwa kemikali ile kila siku hupunguza vipokezi vyake, na wewe unaongeza dozi kuutafuta ule ulevi wa zamani. Pesa ndiyo breki uliyobaki nayo, mwanangu. Unataka kuing'oa ili kuokoa pesa.

Sheria nayo, kwa ufupi. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 haina nafasi ya "miche mitatu ya matumizi yangu". Kulima ni kosa, na kifungo chake kinaweza kufika miaka 30. Mwanao atakuwa na 32. Nyumba si yako, ni ya kupanga; unamwingiza na mzee wa watu anayewavumilia kodi. Mahindi yenyewe yakishavunwa yanaacha shamba wazi, na ule mmea una harufu ambayo jirani haulizi mara mbili. Ukishtakiwa, nauli za kwenda mahakamani, wakili, na dingdong ambayo haitakusubiri, hizo mkeo ataziandika ukurasa upi?

Kuhusu Kanada na wengine, umeambiwa nusu. Kanada waliruhusu mwaka 2018, ni kweli, lakini duka haliruhusiwi kumuuzia mtoto, na pakiti imeandikwa kiasi cha THC pamoja na onyo la afya. Kete yako imefungwa kwenye karatasi ya daftari la nani sijui. Ndani kuna nini na kikali kiasi gani hujui wewe wala aliyekuuzia. Marekani majimbo mengi yameruhusu, sheria ya taifa bado inakataza. Malawi, hapo ng'ambo ya Kasumulu, walipitisha mwaka 2020 kilimo cha dawa na viwanda, kwa leseni. Kuvuta kijiweni hawakuruhusu. Na dawa zipo kweli: kuna ya maji inayotengenezwa kutokana na mmea huo kwa aina fulani adimu za kifafa cha watoto, na kuna vidonge vyenye kemikali ya aina hiyo vya kupunguza kichefuchefu kwa wagonjwa wa saratani. Zinapimwa kwa miligramu. Hakuna daktari anayeandika "misokoto minne kutwa, mmoja kabla ya kupasua mbao".

Na hapo kwenye kupasua mbao ndipo ningeweza kukuandikia usiku kucha. Toa hiyo glavu chini ya godoro. Uiweke mezani, uiangalie pale palipokatika. Bangi inachelewesha mkono kuitikia jicho, na inapotosha muda: unaona kitu kina sekunde mbili, kumbe kina nusu. Hali hiyo haiishi stimu inapoisha, inaendelea kwa saa kadhaa, kwa hiyo ule wa asubuhi unakutana na ule wa saa ya chai na wewe hushuki kabisa siku nzima. Wanakuambia inatia nguvu ya kubeba. Kinachotokea ni moyo kukimbia na mishipa kutanuka, ndiyo hayo macho mekundu, na mwili kutokukupa taarifa zake kwa wakati. Nimefunga vidonda vya watu wa mashine. Wengi hukumbuka vizuri sana dakika ya kabla, na karibu wote waliniambia walidhani mkono umeshatoka.

Baridi ina dawa zake. Sweta mbili, uji wa moto, na moto wa mabanzi ambayo mnayo bure.

Sasa kuacha. Umeandika ulifika siku ya tatu ukarudi, kama vile ulishindwa. Mimi nimesoma kwamba ulikata tamaa ukiwa karibu na kilele. Kwa mvutaji wa kila siku, jasho, ndoto, hasira na kukosa hamu ya chakula huanza siku ya kwanza hadi ya tatu, huwa kali ndani ya wiki ya kwanza, kisha hushuka. Wiki mbili hivi mwili umetulia sana. Usingizi ndio hukawia, wakati mwingine mwezi au zaidi. Haiui. Inaudhi tu, na wewe ulidhani itakuwa hivyo milele.

Kinachokusumbua ni kwamba wiki mbaya ya usingizi na msumeno haviendi pamoja. Zungumza na bosi, au tumia siku ambazo mashine imesimama, uhamie kwanza kupanga mbao au kupakia, mbali na msumeno. Kuna wanaokata mara moja na kuna wanaoshuka kidogokidogo. Kwa hali yako ya sauti ningependa ukate mapema iwezekanavyo, lakini hilo muafikiane na watakaokupima, maana watakuona uso kwa uso na mimi nina karatasi tu. Kama ni kushuka, uanze kuutoa ule wa kabla ya kazi. Huo ndio unaoshika mkono wako pale kwenye msumeno.

Usiuzibe na ulanzi. Najua kwenu Iringa kikombe hakihesabiwi kuwa pombe, lakini nimeona watu wakihama jani wakaishia kilabuni. Usinunue vidonge vya usingizi dukani kwa ushauri wa rafiki. Hivyo navyo vina uraibu wake. Bangi haina dawa maalumu ya kuiacha. Huku Mbeya watu huniuliza kuhusu kliniki ya methadoni ya hospitali ya rufaa ya kanda. Hiyo ni ya wenye uraibu wa heroini, haitakusaidia. Kinachosaidia kwenu ni maongezi ya mara kwa mara na mtaalamu anayejua kuuliza, na kubadilisha vitu vidogo: njia ya kurudi nyumbani isiyopita kijiweni, pesa ya siku kuingia kwenye simu ya mkeo kabla jua halijazama, chai kunywa na wale wasiovuta hata kama stori zao zinachosha. Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ina namba ya bure, 119, ukipungukiwa mahali pa kuuliza.

Kuhusu mtoto wa miaka miwili sitaki maneno mengi. Kila kitu kwake ni chakula. Akikuta kete yako chini ya kitanda atailamba, na mtoto mdogo aliyekula bangi ni wa kukimbizwa hospitali.

Mdogo wako hukuniuliza habari zake, umemtaja tu kuwa yupo. Umri wake ni 16. Ubongo huendelea kujengwa hadi karibu miaka 25, na tunajua kwamba kati ya watu kumi wanaovuta takriban mmoja hunasa, lakini kwa wanaoanza wakiwa vijana wadogo ni karibu mmoja kati ya sita. Na mjomba wenu ni mmoja, wewe na yeye. Anakuona ukitoka asubuhi na anajua harufu. Mwite, mkae nje, umwambie kwa mdomo wako habari ya glavu na habari ya kuitwa jina. Usimhubirie. Mwonyeshe glavu.

Limebaki la mkeo. Mwanamke aliyeandika miezi sita bila kufungua mdomo hakukosa la kusema. Alikuwa anasubiri uishiwe na visingizio, au alikuwa anapiga hesabu ya kuondoka; sijui, na wewe hujui mpaka umuulize. Ila aliandika "mvua" kwenye mabano siku uliyotumia 1,000, yaani alikuhurumia hata kwenye hesabu. Mwambie umeliona daftari. Usimwambie utaacha, ahadi hizo ameshazisikia kwa wanaume wa mtaa mzima. Mwambie Jumatano mnakwenda hospitali na unataka aje nawe. Kisha mwombe aendelee kuandika huko nyuma, kila siku kama alivyozoea, na Jumamosi jioni mlifungue wote wawili.

Ukishapimwa niandikie walichosema. Ndaga, mwanangu.

Mama Mkubwa, Mbeya